Mtego Usioonekana: Namna ya Kupima Ugunduzi katika Michezo ya Wahusika

Ukimwuliza mchezaji mzoefu wa michezo ya kuigiza wahusika kama mhusika wake ni hodari wa kugundua mitego, hatasita kukujibu. Atasema ni hodari kweli kweli, au atalalamika kwamba alama alizoziweka kwenye ustadi ule ni sawa na kuzitupa baharini. Majibu yote mawili yana kasoro moja. Yamejengwa juu ya mitego aliyoiona na mitego iliyomnasa. Ipo mitego ya aina ya tatu, ile aliyopita kando yake asiione wala isimdhuru, na hiyo haimo katika kumbukumbu yake kwa sababu haikumwachia alama yoyote. Ninalotaka kulitetea leo ni kwamba ugunduzi haupimwi kwa kuanzia mitego iliyogunduliwa. Mpimaji anaanza na mitego aliyoitega mwenyewe, ambayo mahali pake na ugumu wake amekwisha kuviandika kabla mchezaji hajaingia, na anaijaribu pale kanuni inapoanza kufanya kazi na pale inapokoma. Huko katikati, ambako wachezaji wengi hukusanya visa vyao, ndiko kanuni inakojificha vizuri zaidi.

Tuanzie kwenye chimbuko, maana kasoro hii ni ya zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika vitabu vile vya kwanza hakukuwa na mhusika mwenye kazi ya kutafuta mitego. Kulikuwa na mti wa futi kumi kwenye orodha ya vifaa vya kununua, na wachezaji waliojifunza kwa maumivu wakautumia kugonga sakafu mbele yao. Palikuwa pia na kanuni fupi: mtego kwa kawaida hufyatuka dadu ya pande sita ikitoa 1 au 2 mtu anapopita juu yake au karibu yake. Kanuni hiyo inastahili kutafakariwa. Maana yake ni kwamba kati ya kila mitego mitatu isiyoonekana, miwili inamwacha mtu apite salama, naye haambiwi kitu. Sasa chukua mhusika ambaye kwa kweli hugundua asilimia 30 ya mitego. Mpitishe kwenye mitego 100. Ataiona 30. Sabini hataiona, na kati ya hiyo kama 23 itamfyatukia na 47 itabaki kimya. Akirudi nyumbani na kuhesabu, atasema amekutana na mitego 53 na ameigundua 30, yaani karibu asilimia 57. Hajadanganya hata neno moja. Hesabu yake imekosa kigawanyo tu, na kosa hilo limeukuza ustadi wake karibu maradufu. Kuongeza saa za kucheza hakumponyi: akipita kwenye mitego 10,000 atapata karibu asilimia ileile, safari hii akiwa na uhakika mkubwa zaidi wa jambo lisilo la kweli.

Mwizi, yaani mhusika mwenye ujuzi wa kufuli na mitego, aliingia katika kijitabu cha nyongeza cha Greyhawk mwaka 1975, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilimpa mwizi wa ngazi ya kwanza nafasi ya asilimia 20 ya kugundua au kutegua mtego. Pakazuka desturi ya msimamizi wa mchezo kuirusha dadu hiyo kwa siri nyuma ya kizuizi chake. Sababu ni ya kimantiki. Mchezaji akiona dadu imemwangukia vibaya, anajua kwamba jibu la “hujaona kitu” halina thamani. Akiona imeanguka vizuri, anajua njia ni salama. Siri hiyo ilihifadhi shaka, na shaka ndiyo uhai wa mtego. Lakini siri hiyohiyo ndiyo inayomnyima mpimaji habari anayoihitaji. Toleo la tatu la mwaka 2000 likaleta hesabu iliyo wazi: rusha dadu ya pande ishirini, jumlisha ustadi wa upekuzi, linganisha na kiwango cha ugumu wa mtego. Toleo la nne la mwaka 2008 likaongeza namna nyingine, ile ya alama tulivu: chukua 10, jumlisha uwezo wa mhusika, na kama jumla inafikia kiwango, anaona bila dadu kurushwa. Njia hizi mbili zinafanana machoni pa mchezaji, lakini tabia zao hazifanani hata kidogo, na tutaona kwamba kuzitofautisha ndiyo kazi ya kwanza ya kipimo chochote.

Nitatumia mchezo mmoja kama uwanja wa mfano: Neverwinter Nights wa kampuni ya BioWare ya Canada, uliotoka mwaka 2002 ukiwa umejengwa juu ya kanuni za toleo la tatu. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza ni mchezo wa wengi, ambao seva yake iliweza kupokea wachezaji hadi 64 kwa pamoja. Pili, uliuzwa pamoja na karakana yake, programu iitwayo Aurora, ambayo kwayo mchezaji yeyote hujenga mapango yake, akatega mitego yake, na kuandika kiwango cha ugumu wa kuugundua kila mmoja. Lugha yake ndogo ya programu ina amri ya kuuliza kama kiumbe fulani kimeugundua mtego fulani, jibu likatoka kwenye seva yenyewe badala ya kutegemea macho ya mtu mbele ya kioo. Kwa maneno mengine, mchezo ulikuja na maabara ndani ya sanduku. Inasikitisha kidogo kwamba wengi waliitumia karakana hiyo kujenga ngome na mazimwi, halafu wakaendelea kubishana kuhusu mitego kwa kutegemea visa vya safarini.

Katika maabara hiyo, jambo la kwanza kutazamwa ni kama mtego unaweza kuonekana kabisa. Mjenzi anaweza kuuwekea mtego alama ya kutogundulika, na mtego wa namna hiyo hautaonekana hata aje mpekuzi hodari kuliko wote. Mtu asiyejua hili atamtembeza mhusika wake mara mia mbili mbele ya mtego, apate sifuri mia mbili, kisha atangaze kwamba ustadi wa upekuzi umeharibika. Hivyo kila jaribio linahitaji shahidi: mhusika mwenye ustadi mkubwa kiasi kwamba kwa kanuni yoyote inayofikirika lazima auone mtego ule. Shahidi huyo akishindwa, tatizo liko kwenye mtego au kwenye chumba, na matokeo ya wengine hayafai kusomwa. Wapimaji wa maabara za hospitali huipima sampuli inayojulikana kuwa na ugonjwa kabla ya kuamini kwamba mashine yao inafanya kazi. Mpimaji wa mitego hana sababu ya kuwa mzembe kuliko wao.

Shahidi akishapita, swali linakuwa hili: seva inaamuaje? Kuna majibu matatu yanayowezekana, na kila moja linaweza kuvaa nguo za mwenzake. Huenda ni kizingiti: ustadi ukifika, unaona, usipofika, huoni kamwe. Huenda ni dadu inayorushwa mara moja tu mhusika anapoingia karibu na mtego. Au ni dadu inayorushwa tena na tena kadiri mhusika anavyobaki karibu. Hili la mwisho ndilo lenye hila. Tuseme nafasi ya kuona kwa mrusho mmoja ni asilimia 20. Mrusho mmoja ukishindwa, mchezaji anayekimbia amekwisha kupita. Lakini anayetembea taratibu, akapata mirusho kumi, nafasi yake ya kuona walau mara moja inafika asilimia 89. Hata mwenye nafasi ndogo ya asilimia 5 akisimama kwa mirusho 60 ataona kwa zaidi ya asilimia 95. Ustadi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni muda. Ndiyo maana kanuni za mezani za toleo la tatu zilimruhusu mpekuzi asiye na haraka kuhesabiwa kana kwamba amepata 20 kwenye dadu, mradi atumie muda wa mirusho ishirini. Upekuzi wa eneo la futi tano kwa tano ulichukua duru moja ya sekunde sita, kwa hiyo mirusho ishirini ni dakika mbili nzima kwa kipande cha sakafu kisichozidi mkeka mdogo.

Sasa tazama jinsi hila hiyo inavyowapotosha watu. Katika Neverwinter Nights mhusika anayewashiwa hali ya upekuzi hutembea polepole, na mhusika wa jamii ya Elfi huhesabiwa kana kwamba yumo katika hali hiyo wakati wote bila kupunguza mwendo. Mchezaji akiona kwamba hali ya upekuzi inaleta mitego mingi zaidi, atasema hali hiyo inaongeza ustadi. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba inaongeza umbali wa kuona, au kwamba mwendo wa polepole umeongeza idadi ya mirusho, au yote matatu kwa pamoja. Kuhesabu tu “ameona” na “hajaona” hakuwezi kutenganisha mambo hayo. Kinachoyatenganisha ni muda wa kusubiri. Msimamishe mhusika mahali pamoja, kwa umbali uliopimwa, bila kumsogeza, kisha uandike sekunde zinazopita mpaka mtego uonekane. Kizingiti kitatoa jibu lilelile kila mara: ama mara moja, ama kamwe. Dadu ya mrusho mmoja itatoa makundi mawili, wanaoona papo hapo na wasioona hata wakikesha. Dadu inayorudiwa itatoa subira za urefu tofauti, nyingi fupi na chache ndefu, na kwa nafasi ya asilimia 20 wastani wake utakuwa mirusho mitano. Baada ya hapo mtembeze Elfi na mwenzake asiye Elfi, wote wakiwa na jumla sawa ya ustadi, kutoka mahali pamoja. Saa ya ukutani itakuwa imeeleza zaidi kuliko mwaka mzima wa visa.

Nikisema “uandike sekunde,” simaanishi sekunde za kwenye kioo cha mchezaji. Katika mchezo wa wengi, seva ndiyo inayoamua, na habari ya uamuzi humfikia mchezaji baadaye kupitia mtandao. Mtu anayecheza Mwanza kwenye seva iliyoko Ulaya anaweza kuukanyaga mtego ambao seva imekwisha kuamua kwamba ameuona, kwa sababu picha haijamfikia. Yeye atauandikia ustadi wake kushindwa, kumbe kilichoshindwa ni waya. Kumbukumbu zichukuliwe kwenye seva.

Baada ya kujua aina ya kanuni, linakuja swali la namba, na hapa ndipo wapimaji wengi wenye nia njema huchoka. Tuseme unataka kujua kama pete fulani imeongeza nafasi ya mhusika kutoka asilimia 25 hadi 30, ambayo ni hatua moja ya dadu ya pande ishirini. Ukitaka uwezekano wa kuitambua tofauti hiyo uwe asilimia 80, kwa kipimo cha kawaida cha takwimu, utahitaji majaribio takribani 1,250 akiwa na pete na mengine 1,250 akiwa hana. Majaribio ishirini kwa kila upande, ambayo kwa watu wengi ni jioni nzima, hayasemi lolote. Hata ukipata sifuri kati ya ishirini bado nafasi ya kweli inaweza kuwa karibu asilimia 14. Mtu akisikia namba hizi hukata tamaa na kurudi kwenye visa. Lakini tatizo lake ni mahali alipochagua kupima. Amesimama katikati ya kanuni, mahali ambapo kila hatua inafanana na jirani yake.

Ahamie kwenye ncha. Chukua mtego wa ugumu wa 25. Kwa dadu ya pande ishirini, mwenye ustadi wa 4 anahitaji 21, namba ambayo dadu haina. Hataona hata akirushiwa mara elfu moja, kwa sababu katika kanuni za toleo la tatu kupata 20 kwenye upekuzi hakumpi mtu ushindi wa bure. Mwenye ustadi wa 5 anaona mara moja kati ya ishirini. Juu kabisa, mwenye 23 hushindwa mara moja kati ya ishirini, na mwenye 24 hashindwi kamwe. Tofauti kati ya kamwe na asilimia 5 ni rahisi kuithibitisha kuliko tofauti kati ya 25 na 30, kwa sababu kugundua mara moja tu kunatosha kuua neno “kamwe.” Ikiwa nafasi ya kweli ni asilimia 5, uwezekano wa kupata sifuri katika majaribio 59 mfululizo ni chini ya asilimia 5. Kwa hiyo majaribio yasiyozidi 60 kwenye kila ngazi ya ncha yanatosha kukuambia mahali ambapo kuona kunaanza na mahali ambapo kushindwa kunakoma. Hatua kutoka ngazi ya mwisho isiyoona kamwe hadi ngazi ya kwanza isiyoshindwa kamwe zikiwa ishirini, umeiona dadu bila kuonyeshwa. Zikiwa chache zaidi, seva inatumia dadu nyingine. Ncha zikigusana, hakuna dadu, ni kizingiti. Na zote mbili zikiwa zimesogea juu au chini kwa namba ileile, kuna nyongeza au adhabu iliyojificha, na namba hiyo ndiyo ukubwa wake. Majaribio 240, machache kuliko robo ya yale 1,250, yamejibu maswali manne.

Kanuni ya darasa la mhusika inapimwa kwa wepesi zaidi. Kitabu cha toleo la tatu kilisema kwamba mitego yenye ugumu wa kugundua unaozidi 20 hugunduliwa na mwizi peke yake. Watengenezee wahusika wawili ustadi wa 30, mmoja mwizi na mwingine askari, wape mtego wa 20 na mtego wa 21. Ikiwa seva inafuata kitabu, askari ataona wa kwanza asione wa pili. Ikiwa ina mpaka wake mwenyewe, panda ngazi moja moja hadi macho ya askari yafumbe.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mhusika yuko peke yake pangoni. Wahenga wetu walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na mchezo wa wengi unaipa methali hiyo maana halisi: anayekosea ni mmoja, moto unawaunguza wote. Je, macho nayo ni ya wote? Hapa tofauti kati ya dadu na kizingiti inageuka kuwa tofauti ya maisha ya kundi zima. Chini ya kizingiti, kundi linaona kwa kadiri ya mtu wake mmoja mwenye macho makali kuliko wote. Kuongeza watano wenye macho dhaifu hakuongezi chochote. Chini ya dadu, kila jicho linaongeza. Watu wanne wenye nafasi ya asilimia 20 kila mmoja, wakishirikishana wanachokiona, wanafika asilimia 59. Kipimo chake ni chepesi: mweke mwizi hodari, hesabu, kisha mwongezee wenzake dhaifu mmoja mmoja. Kiwango cha kundi kikipanda, kuna dadu na kuna kushirikishana. Kisipopanda, ama ni kizingiti, ama wale wenzake wako chini ya ncha ya “kamwe,” ama kila mtu anabaki na alichokiona mwenyewe. Uwezekano huu wa mwisho unatenganishwa kwa kumtoa mtu kwenye kundi huku akisimama palepale na kuangalia kama mtego uliogunduliwa na mwenzake unaonekana kwake. Michezo mingine imeigawa kazi hii waziwazi. Katika Dungeons & Dragons Online, uliofunguliwa mwaka 2006, kuhisi kwamba kuna mtego karibu ni ustadi mmoja, kuufichua pamoja na kisanduku chake ni ustadi wa pili, kuutegua ni wa tatu. Anayesema “mhusika wangu haoni mitego” katika mchezo ule aulizwe kwanza ni hatua ipi kati ya tatu iliyomkwamisha.

Kuna madai ya namna nyingine yasiyopimika kwa hesabu peke yake. Wachezaji husema wanautambua mtego kabla mchezo haujawaambia: kwa ufa kwenye jiwe, kwa vumbi, kwa sauti, kwa namna mjenzi alivyozoea kupanga vyumba. Huenda wanasema kweli, na huenda wanakumbuka mara walizopatia tu. Ronald Fisher, mtakwimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1935 juu ya bibi aliyedai kwamba akionja chai anajua kama kikombeni yalitangulia maziwa au chai. Pendekezo lake lilikuwa vikombe vinane, vinne vya kila namna, vilivyochanganywa bila mpangilio, naye bibi achague vinne. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70, kwa hiyo kupatia vyote kwa bahati tupu ni nafasi moja kati ya 70. (Mpenzi wa chai ya maziwa iliyopikwa sufuria moja ataona ugomvi wote huo ni wa kujitakia.) Badala ya vikombe weka korido nane, nne zenye mtego, mchezaji azitaje bila kuingia. Cha kuzingatia ni kwamba anayemwongoza mchezaji naye asijue mitego iko wapi, maana kusita kwake, hata kwa sauti tu kwenye kipaza sauti, kutamsaidia anayepimwa bila yeyote kukusudia.

Tahadhari hiyo inafahamika vizuri Morogoro. Shirika la APOPO, lenye kituo chake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo mwaka 2015, na mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 baada ya kugundua mabomu nchini Kambodia. Panya hapelekwi kazini kwa sifa za mafunzo. Anapimwa kwanza kwenye uwanja ambao mabomu yake yamefukiwa na watu wanaojua yalipo, huku anayemwongoza hajui. Mlolongo ni uleule ninaoutetea: mtego unaojulikana kwanza, mgunduzi baadaye. Tofauti ni moja, nayo ina faida kwetu. Panya anaweza kukwaruza ardhi isiyo na kitu. Mchezo kwa kawaida hauoneshi mtego pasipo mtego. Hivyo katika mchezo “nimeona” ni ushahidi kamili, na udhaifu wote uko kwenye “sijaona.” Mpimaji wa michezo amepunguziwa nusu ya kazi, na bado wengi wanaikataa nusu iliyobaki.

Nijibu sasa wanaopinga. Wa kwanza wanasema kwamba kanuni zimechapishwa, kwa nini tusisome tu kitabu? Kitabu kinaeleza nia. Seva inatekeleza programu, na kati ya nia na programu kuna watu, haraka, makosa na marekebisho. Seva nyingi za Neverwinter Nights ziliendeshwa na wachezaji wenyewe, wakazibadilisha watakavyo, wengine kwa kutumia nyongeza ya NWNX inayogusa hadi ndani ya injini ya mchezo. Kanuni ya kitabu ni dhana nzuri ya kuanzia, na ndiyo inayotuambia ncha za kutafuta ziko wapi, lakini haiwezi kujithibitisha yenyewe. Wa pili wanasema uzoefu wa miaka ni ushahidi tosha. Nimekwisha kuonyesha kwamba uzoefu ule unakosa kigawanyo, na kosa la kigawanyo halifutwi na wingi. Nitawapa haki yao katika jambo moja: uzoefu ni chanzo bora cha maswali. Aliyekwenda pango lilelile mara mia ndiye atakayehisi kwamba mwendo wa polepole unasaidia. Kazi yake ni kulileta hilo maabara, si kulitangaza kama hukumu.

Pingamizi la tatu nalichukulia kwa uzito zaidi. Wapo wanaosema kipimo kinaua mchezo: mtego ukishajulikana hesabu yake, hofu inakwisha, na mchezaji anageuka karani. Kuna ukweli ndani yake. Ile dadu ya siri haikuwekwa bure, na mtu anayetaka kupotelea pangoni bila kujua namba yoyote asilazimishwe kuzijua. Lakini tofautisha kujua kanuni na kujua mahali. Kipimo chote nilichokieleza kinafanyika katika chumba cha majaribio, na hakifichui hata mtego mmoja wa hadithi yenyewe. Mchezaji anayejua kwamba nafasi yake ni asilimia 45 kwa mrusho bado hajui kama mbele yake pana mtego. Tena ana jambo jipya la kuamua: aende polepole na kuwachosha wenzake, au akimbie na kuhatarisha wote? Asiyejua kanuni haamui, anabahatisha. Na anayeumia zaidi katika giza hilo ni mchezaji mgeni, aliyetumia alama zake zote kwenye ustadi ambao labda, kwa ugumu wa mitego ya seva ile, uko chini ya ncha ya “kamwe” na hautamwonyesha mtego hata mmoja.

Ombi langu ni kwa wanaoendesha seva na wanaojenga mapango. Tengeni chumba kimoja cha majaribio chenye mitego ya viwango vinavyojulikana, mmoja ukiwa na ugumu mdogo kabisa kwa ajili ya shahidi. Wekeni kumbukumbu za seva wazi kwa kila anayetaka kuhesabu. Na mkibadilisha kanuni, rudieni majaribio ya ncha kabla ya kuwaita watu waingie. Kwa anayetaka kuanza leo, korido nane, mitego minne, saa moja na daftari vinatosha.